Hakuna Aliyefiwa

Sivagami alirudi kutoka sinema macho yamemvimba, na jambo la kwanza alilosema alipovua viatu barazani ni kwamba ana njaa.

Kayal, mke wa mwanawe, alibaki amesimama na upawa mkononi. Tangu msiba wa mwaka juzi mama mkwe wake alikuwa akila kama mtu anayemeza dawa, matonge mawili matatu, kisha anasukuma sahani. Leo alikaa mkekani, akajikunjia miguu vizuri, akamimina mchuzi wa ukwaju juu ya wali na kula bila kuinua kichwa. Aliongeza wali. Akaongeza tena.

"Picha ilikuwa nzuri, mama?"

"Weee, usiniulize! Nimelia mpaka upindo wa sari yangu ukaloa, nikashika wa jirani. Hata Pandi, na mindevu yake ile, alikuwa anapenga kamasi kama mtoto."

Pandi alikuwa dereva wa bajaji wa mtaa ule, katika jiji la Madurai, kusini mwa India, ng'ambo ya daraja la mto Vaigai. Yeye ndiye aliyewapakia akina mama watatu bure mpaka ukumbini, kwa sababu alikuwa pia mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Adalarasan. Filamu mpya ya Adalarasan, *Ua Langu Moja*, ilikuwa na siku chache tu tangu itoke na tayari watu walikuwa wanapigana vikumbo dirishani kwa tiketi.

"Adalarasan ni dereva wa lori," Sivagami akaeleza huku akitafuna. "Ana dada mmoja tu. Anamwoza kwa watu, kumbe watu wenyewe wanyama. Wanaona mahari aliyokuja nayo bibi harusi ni ndogo, wanamtia moto jikoni, wanasema jiko limelipuka." Akachanganya wali kwa vidole. "Basi kaka anamkuta bado yu hai. Anambeba, Kayal. Anambeba mikononi kwenye mvua mpaka kwa mama yao. Na yule msichana anafia mapajani mwa mama yake. Mama anampangusa paji la uso, na yeye anaimba, polepole, mpaka mwisho. Mpaka mwisho kabisa."

Kayal aligeuka kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kuangaliwa. Katika nyumba hii hakuna aliyekuwa akitaja namna Poongodi, binti wa Sivagami, alivyokufa kule mjini Dindigul kwa wakwe zake. Majirani waliambiwa ni homa ya ghafla.

"Ilango ameiona?" mama mkwe akauliza.

"Aliiona juzi. Ndiyo anayoiandikia sasa hivi."

Sivagami akatabasamu kwa fahari, akalamba vidole. "Ataisifu. Mle ndani hata viti vililia."

Chumbani alikuwa amemwona mumewe akiandika, na kalamu ilikuwa inakandamizwa mpaka karatasi inachanika.

*

Ilango alikuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la *Sauti ya Vaigai*. Kila Jumapili ukurasa wake ulipotoka, mama yake, ambaye hakubahatika kukaa sana shuleni, alivaa sari safi, akakaa barazani na kumwita mjukuu wake Malar amsomee. Alikuwa haelewi nusu ya maneno. Alichopenda ni kusikia jina la mwanawe likisomwa kwanza, kisha sauti ya mtoto ikipanda na kushuka, huku wapita njia wakimwona.

Jumapili hiyo Malar alisoma jina, akasoma kichwa cha habari, kisha akaanza kwenda taratibu.

"'Dada wa shujaa anachomwa moto jikoni. Dakika tano baadaye analetwa kwa mama yake akiwa na poda usoni na asumini kichwani, anafariki akiimba beti nne bila kukosea. Mwongozaji hajapata kumwona mtu aliyeungua, wala hakujisumbua kumuuliza aliyepata kumwona. Amechukua kifo cha wanawake wengi wa nchi hii akakipaka rangi ya midomo.'" Mtoto akaweka kiganja juu ya mistari iliyobaki. "Basi, Bibi. Imeisha."

"Haijaisha. Mistari naiona."

"Ni midogo tu, Bibi."

"Isome hiyo midogo."

Malar akaisoma kwa haraka, kama anayevuka barabara. "'Ukumbi mzima ulilia. Tusidanganyike na machozi hayo. Hayo ni macho yaliyooshwa kwa bei ya tiketi. Watu walitoka nje wakaenda kula, na wakala vizuri. Mle ndani hakuna aliyefiwa.'"

Muuza maziwa alipita na baiskeli yake, akamsalimu bibi, wala bibi hakuitikia. Alikaa vilevile, mikono juu ya magoti, mpaka Ilango akatokea na taulo shingoni, maji yakimchuruzika nyweleni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mpole wa kusema, na hakujua chochote.

"Mmeshasoma?" akauliza.

"Malar," Sivagami akasema bila kumtazama mwanawe, "mwambie baba yako kahawa yake iko jikoni."

"Bibi, si yuko hapa hapa?"

"Mwambie."

*

Mambo ya nje yalianza kesho yake. Asubuhi Kayal alikuta shada la kandambili kuukuu limevikwa kwenye lango lao, kandambili za watu wazima na za watoto zimetungwa kwa waya kama maua, tusi ambalo mtaa mzima ulilielewa. Alilikata kwa kisu, akalifunga kwenye gunia kabla watoto wa shule hawajapita, lakini wakubwa walikwisha kupita.

Dukani alisubiri na mkebe wake. Muuza duka, mzee Thangaiah, aliwahudumia waliokuja kabla yake, kisha waliokuja baada yake, kisha mtoto aliyekuja kununua peremende moja.

"Nataka sukari," Kayal akasema.

"Sukari?" Thangaiah akakuna shingo. "Sijui, dada. Sukari yetu ni ya watu wa kawaida. Tamu tu, haina usanii ndani. Bwana Kalamu si atatuandika vibaya?"

Wanawake wawili wakacheka. Mmoja wao alikuwa amekula nyumbani kwa Kayal wakati wa sherehe za mavuno. Kayal akaweka mkebe juu ya meza ya duka na kusubiri mpaka kicheko kiishe, kwa kuwa sukari ilihitajika na duka jingine lilikuwa mbali. Thangaiah alimpimia mwishowe. Alimpimia sawasawa, hata akamzidishia kidogo, huku akiona aibu. Maana yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameipenda ile picha tu, na alihisi mtu amemtukana akiwa ndani ya furaha yake.

Malar alirudi kutoka shuleni na wino mgongoni. Alisema ameegemea ukuta.

Ofisini, mhariri Ekambaram alimwita Ilango, akafunga mlango, akamwagizia chai. Chai ya mhariri ilikuwa ishara mbaya, kila mtu gazetini alijua.

"Wameondoa matangazo yote," akasema. "Msambazaji na wenye kumbi. Unajua ukurasa wa mwisho wa gazeti hili unalishwa na nani?"

"Najua."

"Basi tuandike maneno machache. Kwamba mhakiki hakukusudia kuwavunjia heshima watazamaji na msanii mpendwa wa watu. Maneno machache tu, Ilango. Hata wewe usiyaandike, nitayaandika mimi."

"Filamu ni mbaya, bwana."

"Nani kakataa? Mke wangu ameiona mara mbili, na jana alinitazama mezani kana kwamba mimi ndiye niliyewasha ule moto." Ekambaram akavua miwani. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuokoa gazeti lile mara nyingi kwa njia ambazo hakuzipenda. "Mimi sikuambii ubadilishe mawazo. Nakuambia watu hawa wanafanya kazi mchana kutwa, wanapata saa tatu za kulia kwa raha zao, wewe unakwenda kuwawashia taa usoni. Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea wakasirike juu ya moto. Siyo juu yangu."

"Mpaka Ijumaa," mhariri akasema. "Kunywa chai yako."

*

Nyumbani chakula kilikuwa kinaliwa kwa ukimya wa ajabu. Sivagami alimwambia Malar amwambie baba yake chumvi iko karibu yake. Ilango alimwambia Malar amwambie bibi yake kwamba ameiona. Kayal alivumilia siku moja, akavumilia ya pili, ya tatu akaweka bakuli chini kwa kishindo.

"Mtoto huyu si posta!" akasema. "Malar, nenda ukafanye hesabu zako."

Mtoto akaondoka mbio. Sivagami naye akainuka, akajishika kiuno, akaenda nyuma ya nyumba kumwagilia mrihani wake.

"Muombe radhi mama yako," Kayal akasema.

"Kwa kusema picha mbaya ni mbaya?"

"Alikula siku ile, Ilango. Mara mbili aliongeza wali. Nilitaka kukuita uje uone. Halafu Jumapili anasomewa kwamba waliolia walikwenda kula vizuri, maana yake hakuna aliyefiwa. Na anayemsomea ni mjukuu wake. Na aliyeandika ni wewe."

Ilango alibadilika rangi. Hakuwa amejua kwamba mama yake alikuwa ukumbini. Hilo hakuna aliyemwambia. Alidhani amekasirika kama majirani tu, kwa ajili ya Adalarasan wao.

"Sikumwandika yeye."

"Hukumwandika yeyote. Wala hukuiandika filamu. Uliiandika wodi ile."

"Niliiandika filamu," Ilango akasema, sasa sauti imempanda. "Poda usoni, Kayal! Asumini! Unajua wodi ile ilinuka nini? Huwezi kumpakata mtu aliyeungua. Huwezi kumgusa. Anayepakatwa anapiga kelele mpaka jengo zima linasikia. Halafu mimi nikae kitini nitazame mtu anaimba beti nne, na mbele yangu watu wanasema oh, kifo kizuri! Hakuna kifo kizuri cha namna ile. Wakishaamini kipo, hakuna atakayekwenda polisi."

Kayal alimwacha amalize. Yeye alijua. Mumewe alikaa wodini na Poongodi hadi mwisho, peke yake, kwa sababu hakutaka mama yao aone. Mama aliletewa mwili umefungwa kitambaa cheupe kuanzia utosini hadi nyayo, na Ilango alisimama katikati, akamkataza kufungua. Kesi ilifunguliwa, ikalala, polisi wakaandika ajali.

"Haya unayoniambia mimi," Kayal akasema, "mama yako hajawahi kuyasikia hata moja. Wewe umeyaona, hutaki kuyaona tena. Yeye hakuona kitu. Ndiyo maana anakwenda kutazama."

*

Walikuja jioni ya Alhamisi, jua halijatua, wamejaa barabara nzima. Ngoma mbele, bendera zenye uso wa Adalarasan nyuma, vijana kwa wazee, mafundi cherehani, wabeba mizigo wa sokoni, wanafunzi wa chuo. Wengi walimfahamu Ilango tangu utoto. Pandi alikuwa mbele, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Wawili nyuma yake walibeba mdoli wa majani aliyevikwa suruali, shati la mikono mirefu na miwani ya waya, na kalamu ya mbao imechomekwa mfukoni.

"Bwana Kalamu toka nje!"

Ilango akatoka. Kayal alimfuata, akasimama mlangoni.

"Kaka Ilango," Pandi akaanza kwa adabu, kwa kuwa walicheza kriketi pamoja zamani, "sisi hatukuja kwa shari. Omba radhi tu, twende zetu."

"Radhi ya nini, Pandi?"

"Umetuita wajinga."

"Neno hilo sikuliandika."

"Umeliandika kwa maneno ya kisomi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakashangilia.

"Sikiliza, kaka." Pandi alisogea hadi langoni, akashusha sauti, na ilionekana kwamba anayosema sasa hakuyaandaa. "Mimi nina dada watatu. Nimewaoza wawili. Kila simu ikilia pale kwenye kibanda cha bajaji najiuliza ni habari ya yupi kati yao. Nikiona Adalarasan anambeba dada yake, napata nguvu. Najiambia, likinifika, nami nitakwenda kumchukua. Wewe unasema nimeosha macho. Kwa nini unaninyang'anya hata hicho?"

Ilango aliitazama kalamu iliyochomekwa mfukoni mwa mdoli.

"Siombi radhi kwa filamu mbaya," akasema mwishowe, na likatoka kavu kuliko alivyotaka.

Umati ukanguruma. Mtu akamsukuma mdoli wa majani mbele, mwingine akaja na kibuyu cha plastiki. Mafuta ya taa yalipomwagwa, harufu ikaingia barazani, ikaingia ndani ya nyumba. Pandi akapewa kiberiti. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

Hapo Sivagami akatoka. Alimpita Kayal, akampita mwanawe bila kumtazama, akashuka ngazi miguu mitupu, kichwa wazi, na watu wakampisha kwa mazoea ya kumpisha mtu mzima. Alisimama mbele ya Pandi.

"Nipe hicho kiberiti."

"Mama, wewe ingia ndani. Hii ni sanamu tu."

"Nipe."

"Mama, sisi tunakutetea wewe! Si ulilia na sisi?"

"Nililia, mwanangu. Na kesho ukinipeleka nitalia tena." Aliongea kwa sauti ya kawaida, ikabidi ngoma zinyamaze ili asikike. "Lakini kwenye mlango huu hapachomwi mtu. Hata wa majani. Binti yangu Poongodi hakufa kwa homa. Tuliwaambia homa. Walimmwagia mafuta kama haya, jikoni kwao, wakafunga mlango. Na huyu mnayetaka kumchoma ndiye aliyekaa naye mpaka akakata roho. Mimi sikuwepo."

Yule aliyeshika kibuyu cha plastiki alikiweka chini, kisha akakiinua tena kana kwamba hata chini hapakufaa, akakificha nyuma yake. Mzee Thangaiah, aliyekuwa ukingoni mwa umati amebeba bendera, aliikunja.

"Mama," Pandi akasema. Akampa kiberiti. Kisha akapiga magoti pale vumbini, akamvua mdoli shati lenye mafuta, akalifunga fundo, maana hakujua kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake. "Kwa nini hamkutuambia? Tungekwenda. Mtaa mzima tungekwenda Dindigul."

"Ndiyo maana hatukuwaambia," Sivagami akasema.

Aligeuka, akapanda ngazi, na alipofika mbele ya mwanawe akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alisema naye bila kumpitia mtoto.

"Picha usiiombee radhi. Umeona ulichoona. Ila lile neno la mwisho si la picha, ni la watu. Kwa hilo ulinitukana mimi." Akamwachia kiberiti kiganjani. "Na ukimaliza, utanipeleka sinema."

*

Ilango aliandika usiku huohuo na kupeleka asubuhi. Ilikuwa aya moja. Alisema *Ua Langu Moja* ilikuwa filamu mbaya na bado ni mbaya, kwa sababu zilezile. Alisema pia kwamba aliandika hakuna aliyefiwa mle ukumbini, na kwamba hilo lilikuwa uongo: hakujua waliokaa viti vya mbele yake walikuwa wamemzika nani, na hakuuliza. Kwa hilo aliwaomba radhi wote waliolia.

Ekambaram alisoma mara mbili. "Msambazaji hatalipokea hili."

"Najua. Sikumwandikia yeye."

Mhariri aliichapa aya hiyo, ukurasa wa saba, chini ya matangazo ya ndoa. Matangazo ya filamu hayakurudi. Wiki iliyofuata Ilango alihamishiwa habari za halmashauri, mitaro, mabomba na vikao vya maji, na ukurasa wa sinema ukapewa kijana ambaye hakuwa amekutana bado na filamu asiyoipenda. Nyumba ililazimika kujibana. Kayal akaanza kufundisha tuisheni ya hesabu barazani, na mwanafunzi wa kwanza kuletwa alikuwa binti wa Thangaiah, aliyekuja ameshika sukari kwenye karatasi, hakusema imetoka kwa nani.

Mambo mengine hayakurekebika. Wapo waliovuka barabara wakimwona Ilango, na wapo waliomwita Bwana Kalamu mpaka uzee wake. Polisi hawakuifungua tena kesi ya Poongodi, ijapokuwa Pandi na wenzake walikwenda Dindigul, safari hii bila ngoma, wakakaa nje ya kituo kutwa nzima.

*

Jumapili moja, kwa onyesho la mchana, Ilango na mama yake walikwenda kwa miguu. Ukumbi ulikuwa umejaa kama siku ya kwanza. Watu waliwatambua, wakanong'onezana, mwanamke mmoja akasogea ili Sivagami akae karibu na feni. Mbele, watoto walikuwa wakirusha vipande vya karatasi kila Adalarasan alipotokea.

Ilango alivumilia harusi, akavumilia vichekesho vya mpishi kigugumizi, akavumilia moto. Mvua ilipoanza kunyesha kwenye pazia na Adalarasan akaonekana kwa mbali amebeba kitu cheupe mikononi, aliinuka, akainama ili asizibe watu, akatoka.

Nje kulikuwa na ngazi za saruji zilizopata kivuli cha bango kubwa. Alikaa pale. Wimbo ulikuja kupitia ukutani, ubeti wa kwanza, na chini ya wimbo sauti nyingine, ya mamia ya watu wakilia pamoja, nene na ya chini kama mashine ya kusaga iliyo mbali.

Mlango ukafunguka. Mama yake akatoka, akauzuia kwa mkono usibamizwe, akaja kukaa ngazi ileile, akakusanya sari yake.

"Rudi ndani, mama. Hii ndiyo sehemu yako."

"Nimeshaiona." Akamsogelea. "Niambie ya kweli."

"Mama."

"Sitaki unihurumie. Ulinihurumia siku ile, na sijakusamehe mpaka leo. Alilala upande gani?"

Ilango alitazama barabara. Mtu alikuwa akiuza karanga. "Upande wa dirisha," akasema. "Hakuweza kulala chali. Walimwekea chandarua, kwa ajili ya nzi."

"Alikuwa anajua watu?"

"Siku ya kwanza, ndiyo. Alinijua kwa sauti. Aliuliza mama yuko wapi."

"Ukasema?"

"Nikasema uko njiani. Kila alipouliza nikasema basi limeharibika, uko njiani."

Sivagami alikunja ngumi akampiga mwanawe begani, mara moja, kwa nguvu zake zote, nguvu za mwanamke aliyetwanga maisha yake yote. Kisha ile ngumi ikafunguka, ikashika kitambaa cha shati, ikabaki hapo.

"Endelea."

Aliendelea. Alimwambia juu ya kijiko cha maji, juu ya muuguzi kutoka Kerala aliyekaa baada ya zamu yake kwisha, juu ya nywele. Aliyasema mabaya yote, na alipofika mahali pa kuruka, mama yake alilivuta shati, naye akarudi nyuma kulisema lile aliloliruka. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyapangusa, na ya mama yake vilevile. Hakuna aliyempakata mwenzake. Walikaa bega kwa bega, wakitazama mbele.

Walikuwa bado hapo kengele ya mapumziko ilipolia na milango ikafunguliwa. Watu wakamwagika nje, macho mekundu, wakitafuta soda na chai. Mwanamke mmoja mnene akawaona, akamkanyaga mwenzake mguu ili naye aone.

"Si nilikuambia!" akasema, hakujali kusikika. "Kwa picha hii hakuna mwenye moyo mgumu. Tazama, hata yule mhakiki mwenyewe!"

Wengine wakageuka. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma, bila kejeli yoyote, akamwekea Ilango kikombe chake cha chai pale kwenye ngazi na kuondoka. Ilango alijipangusa kwa kiganja, akainuka nusu ili awaeleze kwamba sivyo, kwamba filamu haihusiki.

Mama yake akamvuta shati, akamkalisha.

"Waache," akasema. "Wewe malizia. Alikuwa ameomba maji."